Daraja limesimama miaka sitini halijaanguka, sasa la nini kujenga jipya?

Swali nalifupisha ili kila mtu aelewe tunajibu nini. Msomaji anaishi karibu na barabara kuu yenye daraja la chuma la zamani, lile la fremu zinazopanda juu pande zote mbili, jembamba kiasi kwamba malori mawili yakikutana lazima moja lisubiri lingine lipite. Ajali haziishi pale na sasa kuna mpango wa kujenga daraja jipya pembeni yake. Yeye anasema daraja lina zaidi ya miaka sitini, mafuriko yamekuja yamepita na lenyewe lipo tu, kosa ni la madereva wanaokimbia, kwa hiyo kwa nini wasiweke matuta na taa za kuongozea magari, au wakalipanua hilohilo, hela ikafanye mambo mengine?

Ndugu yangu, swali lako ni zuri na wala sio la kijinga kama ulivyojihofia, nimeshalisikia hata kwa watu wenye vyeo. Nimekagua madaraja miaka mingi kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, univumilie.

Tuanze na vipimo. Lori la kawaida la mizigo bodi lake lina upana wa mita 2.5 hivi, ukiweka na saiti mira za pande zote unakaribia mita 3. Malori mawili yakipishana hapo tayari umetumia karibu mita 6 na bado hujaacha nafasi yoyote katikati yao wala kati ya tairi na ukingo. Madaraja mengi ya zamani yana mita 5.5 mpaka 6 toka ukingo huu mpaka ule, mengine hata hazifiki, maana yalisanifiwa wakati magari ni machache, madogo na yanatembea taratibu. Leo njia moja tu ya barabara kuu inajengwa mita 3.5 hadi 3.65, yani mbili ni mita 7 na zaidi, hapo mabega ya barabara, zile nafasi za pembeni nje ya njia, hujayahesabu.

Ukitaka ushahidi nenda asubuhi ukasimame nje kabisa ya njia pale daraja linapoanzia, halafu angalia ukingo. Utakuta rangi za malori zimepakana moja juu ya nyingine, nyekundu juu ya bluu juu ya nyeupe, michubuko inaanzia usawa wa tairi inapanda mpaka usawa wa mlango, chini kuna vipande vya vioo vya saiti mira, vipya vinang'aa na vya zamani vimeshazama kwenye mchanga. Mimi nikifika kwenye daraja la namna hii hicho ndo kitu cha kwanza naangalia kabla sijafungua hata daftari, kwasababu ukingo umeandika mambo ambayo polisi hawakuwahi kuripotiwa. Kila mchubuko hapo ni ajali iliyokosekana kwa sentimita chache.

Sasa hili la madereva. Wapo wanaokimbia, sikatai, lakini hebu tupige hesabu ya dereva mwenye akili timamu. Akitembea 80 kwa saa anakula mita 22 kila sekunde. Tangu macho yaone hatari mpaka gari isimame kabisa kwa spidi hiyo, wasanifu wa barabara wanahesabu mita 130 hivi, na hiyo ni kwenye tambarare na breki nzima. Kwenye daraja la kupita mmoja mmoja wanaokuja ni wawili na wote wanatakiwa wasimame, kwa hiyo wanahitaji kuonana wakiwa mbali mita 260. Je pale kwenu wanaonana mita 260? Nina uhakika mkubwa kwamba hapana, na sababu yake iko kwenye historia. Zamani daraja lilikuwa ghali kuliko kitu chochote barabarani kwa hiyo mhandisi alitafuta sehemu mto ulipobana, akalivusha mto kwa pembe mraba ili liwe fupi, halafu barabara ndo ikalazimishwa ipinde kulifuata daraja. Matokeo yake ni kona huku na kona kule, na kwakuwa mto uko bondeni basi na mteremko pia pande zote mbili. Dereva anashuka, anaingia kona, kona inaisha anakuta barabara imenywea na kuna taa za lori mbele yake. Usiku ndo usiseme, taa za chini zinamulika vizuri mita hamsini sitini tu, na taa za anayekuja zimemjaa machoni. Mtu wa hivyo ukimwambia kosa ni lake unakuwa umemuonea, barabara yenyewe ndo imemuweka mahali ambapo kosa dogo halina pa kwenda.

Na kuna kitu kingine watu hawakijui, hata daraja likiwa na upana wa kutosha magari mawili kwa shida, bado madereva hawakai kwenye njia zao. Macho ya mtu yanaogopa ukuta, ukimletea ukingo karibu na mlango wake anasogea katikati bila hata kujua kwamba amesogea. Sasa wote wawili wakisogea katikati unajua kinachotokea. Ndo maana daraja jipya likiwa na njia mbili pamoja na bega la mita moja na nusu au mbili kila upande, lile bega sio anasa, linampa dereva umbali wa kutosha toka ukingo ili abaki kwenye mstari wake. Pia linampa mwenye baiskeli na anayesukuma mkokoteni pa kupita, maana hawa kwenye daraja jembamba huwa wanapita kwa kubahatisha, wanasubiri kimya halafu wanakimbia.

Sasa nije kwenye neno lako "halijaanguka". Neno hili linanikera kidogo, sio kwako wewe, ni kwa jinsi linavyotumika. Daraja la barabara kuu ya I-35W pale Minneapolis, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1967 likabeba magari miaka 40. Tarehe 1 Agosti 2007, jioni watu wanatoka makazini, likaanguka mtoni wakafa watu 13 na wengine 145 kuumia. Uchunguzi ukaonyesha baadhi ya zile sahani za chuma zinazounganisha vyuma kwenye maungio zilikuwa nyembamba tangu siku ya kwanza, karibu nusu ya unene uliotakiwa. Yani kosa lilikuwemo miaka yote 40, daraja limesimama nalo, likaongezewa uzito wa zege miaka inavyokwenda, na siku ile kulikuwa na malundo ya vifaa vya ukarabati juu yake. Kusimama jana hakukuwa kumethibitisha kitu chochote kuhusu leo.

Lakini mfano unaofanana na wenu zaidi ni daraja la mto Skagit, jimbo la Washington hukohuko Marekani. Hili nalo la fremu za chuma zinazopita juu ya magari, la mwaka 1955, halina bega. Kwenye ukaguzi halikuwa kwenye orodha ya madaraja mabovu, chuma chake kilihesabiwa kinafaa, lilikuwa na alama moja tu kwamba limepitwa na wakati kwa vipimo vyake. Tarehe 23 Mei 2013 likapita lori lenye mzigo mrefu kwenda juu, lori lingine likawa linalipita kwa kushoto, dereva wa lori la mzigo akasogea kulia kuliachia nafasi. Tatizo ni kwamba vyuma vya juu vilikuwa na umbo la upinde, katikati viko juu na pembeni vinashuka, kwa hiyo kusogea kule kulia ndo kukafanya mzigo ugonge vyuma vya juu, kimoja baada ya kingine, na kipande kizima cha daraja kikaenda majini na magari mawili. Watu watatu waliokuwemo waliokolewa, ni bahati kubwa. Daraja la aina hii halina njia mbadala ya kupitisha uzito, chuma kimoja muhimu kikienda vinafuatana. Kwa hiyo wembamba sio kero ya kusubiriana tu, unaweza kuwa ndo chanzo cha daraja lenyewe kuanguka. Kila lori linalochubua ukingo pale kwenu liko sentimita chache toka kwenye nguzo ya fremu, na ile nguzo ndo inabeba.

Uzito nao umebadilika. Madaraja ya zamani yalihesabiwa kwa lori la tani 13 au 18 hivi, mengine zaidi kidogo, leo tela lenye mzigo linafika tani 40 na katika nchi nyingi linazidi hapo. Chuma kina tabia yake ya kuchoka, unaweza ukakikunja mara moja kisivunjike lakini ukikirudia mara milioni kinapata ufa, na uchovu huo hauendi sambamba na uzito, unaenda kwa kipeo cha tatu hivi. Ukizidisha msukumo mara mbili uchovu unazidi mara nane. Kwa hiyo lori moja lililozidisha mzigo linakula maisha ya daraja kuliko magari madogo ya siku nzima, na hakuna anayeona. Chini ya sitaha, yani sakafu ya daraja magari yanapopita, pale kwenye maungio ambapo maji ya mvua yanavuja, ncha za boriti na beringi zake, vile vilalio boriti zinapokaa, zinaoza kwanza, kutu inavimba mara kadhaa ya chuma chenyewe inapasua zege kutoka ndani. Ukigonga kwa nyundo zege zima linalia kama jiwe, lililoachana na nondo linatoa sauti ya debe tupu. Ninapokagua naweza nikatembea mita tatu nne ni mlio wa debe tu wakati juu magari yanapita na lami inaonekana safi.

Na mto, hapa ndo umesema mafuriko yalikuja yakapita. Maji ya mafuriko yanachimba mchanga kuzunguka msingi wa nguzo, shimo linakuwa refu pale pale mafuriko yanapokuwa juu kabisa, halafu maji yakipungua tope linarudi linalijaza shimo. Ukienda kuangalia wiki inayofuata unaona udongo umejaa vizuri unasema hakuna shida, kumbe lile tope laini halibebi kitu. Ureno kulikuwa na daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro, lilifunguliwa karne ya 19 huko, mwaka 1887. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001 nguzo yake ilizama kwasababu msingi ulishachimbwa na maji, na miaka mingi watu walikuwa wanachota mchanga mtoni. Basi na magari yakaingia majini wakafa watu 59. Lilikuwa limepita mafuriko mangapi kabla ya hapo? Kwa hiyo mkiona watu wanachota mchanga karibu na nguzo, la zamani au jipya, pigeni kelele siku hiyohiyo.

Twende kwenye mapendekezo yako maana hayo nayo yana sehemu yake. Matuta kwenye barabara kuu yanapunguza spidi kweli, ila kuyaweka chini ya mteremko mbele kabisa ya daraja ni hatari, lori lenye mzigo breki zikiwa zimeshapata moto linakuta tuta, na linalovuka linaingia darajani huku linarukaruka. Mtikisiko huo sio kitu kidogo, kanuni za usanifu za Marekani zinaongeza asilimia 33 kwenye uzito wa gari kwa ajili ya mtikisiko wa kawaida na kwenye maungio ya sitaha zinaongeza asilimia 75. Unakuwa umempunguzia dereva spidi ukamuongezea daraja kipigo. Afadhali vile vimistari vya kuunguruma vianze mbali, mita mia mbili tatu kabla, na alama za kushusha spidi hatua kwa hatua.

Taa za zamu kwa zamu ni nzuri kama hatua ya muda na ningeziweka kesho ingekuwa juu yangu, ila zihesabiwe sawasawa. Chukua daraja la mita 120. Gari la 40 kwa saa linalivuka kwa sekunde 11, kwa hiyo fundi wa haraka ataweka sekunde 12 au 15 za nyekundu pande zote ndo amruhusu wa upande wa pili. Mwenye baiskeli wa 15 kwa saa anahitaji sekunde 29, akiingia kijani ikiwa inaisha atakuwa katikati ya daraja wakati lori la upande wa pili linaruhusiwa. Nimemuona mtu amejibana kwenye ukingo baiskeli ameinua juu ya kichwa tela likipita mbele ya kifua chake, sijasahau. Kwa hiyo lazima uhesabu kwa mwendo wa aliye polepole, na ukifanya hivyo foleni inakuwa ndefu, na foleni ikiwa ndefu mkia wake unafika kule kwenye kona ambako anayekuja hauoni. Unahamisha ajali toka darajani unaipeleka nyuma ya foleni. Ndo maana nasema hatua ya muda.

Kulipanua hilohilo? Inategemea aina. Daraja la boriti za zege likiwa nzima na nguzo zake zina uwezo, unaweza ukaongeza boriti pembeni na yakapatikana maisha mapya, mara nyingi inafaa na ni nafuu. La kwenu la fremu za chuma haliwezi, zile fremu ndo zinazobeba na ziko pembeni ya njia, upana umefungwa katikati yake, kulipanua maana yake ni kuliondoa. Na hata yale yanayopanuka kuna shida, msingi wa zamani ulishazama ukatulia miaka mingi, mpya ndo kwanza unaanza kutulia, pale kwenye kiungo zege linapata ufa kama mtu hakuwa makini. Halafu kona zile mbili zinabaki palepale.

Hapa naomba nisisitize kwasababu ndo jambo ambalo mngepaswa kulipigania kuliko kubishana kama lijengwe au lisijengwe. Daraja jipya pana likiwekwa kwenye kona zilezile linaweza kuua zaidi ya la zamani. La zamani lilikuwa linawatisha madereva, wanapunguza. Pana halitishi, mtu anaingia na 100 ambako kwa spidi hiyo anahitaji mita 185 kusimama, na kona bado ileile. Kwa hiyo faida kubwa ya kulijenga pembeni, tofauti na pale pale, ni kwamba barabara unganishi za pande zote zinanyooshwa na mteremko unalainishwa, na wakati huo magari yanaendelea kupita la zamani bila kufunga njia. Mkipata nafasi ya kuona michoro msiangalie picha nzuri ya daraja, tafuteni karatasi ya barabara unganishi, muulize kona zina nusu kipenyo cha mita ngapi na zimesanifiwa kwa spidi gani. Sehemu hii ndo ya kwanza kukatwa hela zikipungua, mkandarasi anajenga daraja zuri lenye upana wa mita 10 na kitu halafu anaunganisha na barabara ya zamani kwa kona kali kuliko ya mwanzo.

Ulizeni pia kuhusu ncha za ukingo. Ukingo wa zege wenye ncha iliyo wazi ni kama mkuki unaomsubiri anayetoka njiani, lazima utanguliwe na reli ya chuma ya pembeni. Na ile reli ni laini, inapinda ikigongwa, zege halipindi, kwa hiyo nguzo za reli zinatakiwa zisogeleane kadri zinavyokaribia daraja ili iwe ngumu polepole na ifungwe kwa bolti kwenye zege. Ikiishia tu pembeni bila kufungwa, gari likiigonga reli inalegea na kulielekeza moja kwa moja kwenye ncha ya zege. Ukaguzi wa hili hauhitaji shahada, simama pale uhesabu nguzo na utafute bolti.

Watembea kwa miguu wapewe njia yao iliyotengwa na magari kwa kizuizi, rangi tu haitoshi, na iendelee nje ya daraja mpaka watu wanakoenda, isiishie mwisho wa sitaha mtoto akajikuta kwenye lami. Kuhusu urefu, msishangae jipya likiwa refu sana kuliko la zamani, hiyo sio kula hela. Nguzo chache mtoni ni sehemu chache za maji kuchimba. Na wakiwaambia limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 100 msidhani yanakuja mara moja kwa karne, maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na katika miaka 50 hiyo inafika karibu asilimia 40. Daraja linategemewa kuishi miaka 75 hadi 120 kutegemea kanuni iliyotumika, kwa hiyo atakayekutana na mafuriko hayo anaweza kuwa mwanao.

Hili la zamani likishamaliza kazi, kama ukaguzi ukionyesha linaweza, liachwe kwa watembea kwa miguu na baiskeli, magari yafungiwe kwa nguzo za zege kabisa maana bango peke yake halimzuii mtu. Kama misingi yake imeshachimbwa litolewe lote pamoja na nguzo za majini, zikibaki zinanasa magogo wakati wa mafuriko na maji yanageuzwa kuelekea kwenye nguzo za jipya. Na kuanzia sasa mpaka jipya lifunguliwe, ambayo inaweza kuwa miaka miwili mitatu, ombeni wawawekee vitu vya bei ndogo: alama za mistari ya kung'aa kwenye ncha zote nne za ukingo, bango la nani ana haki ya kupita kwanza, kikomo cha uzito kinachosimamiwa, na mtu wa kuangalia misingi kila baada ya mafuriko, akiwa na fimbo ndefu ya kuchoma lile tope ajue lina kina gani.

Ukipata vipimo vya daraja lenu, upana toka ukingo hadi ukingo na umbali toka mwisho wa kona mpaka mwanzo wa sitaha, niletee nitakuhesabia spidi ambayo ni salama kwa sasa.